Kupiga picha Mlima Kilimanjaro: mwezi gani, upande gani, saa ngapi

Mgeni akishuka Moshi mchana, jambo la kwanza analouliza ni mlima uko wapi. Anaonyeshwa kaskazini, anaona mawingu meupe yamejipanga toka Machame mpaka Marangu, anaambiwa, "Umejifunika huo, subiri jioni." Akikaa siku mbili bila kuuona anaondoka akisema hana bahati. Wenyeji nao wamezoea kumfariji hivyohivyo, kwamba mlima una hiari yake. Ukweli ni kwamba una ratiba. Mawingu yanapanda na kushuka kwa saa zinazotabirika, jua linamulika uso wa kusini miezi fulani na uso wa kaskazini miezi mingine, vumbi lina msimu wake na theluji ina wake. Ukiyajua hayo unaweza kukaa mezani na kalenda, ukaamua picha yako ipigwe wapi na lini, bahati ikabaki na kazi ndogo tu.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kamera ya kawaida au simu nzuri, anayejilipia nauli mwenyewe na hana wiki tatu za kusubiri.

1. Anza na kalenda, kamera iache kabatini kwanza

Mlima uko kama nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Hapo ndipo penye siri yote. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua linachomoza upande wa kaskazini wa mashariki sawia, na linazama upande wa kaskazini wa magharibi. Juni linafikia mwisho wa safari hiyo, takriban nyuzi 23 kaskazini. Kuanzia mwishoni mwa Septemba linahamia kusini, na Desemba linafikia mwisho wa upande huo.

Sasa jiweke Moshi mjini, ukitazama kaskazini. Desemba na Januari jua la asubuhi linatokea kulia kwako, nyuma kidogo ya bega. Mwanga unaingia kwenye mabonde ya uso wa kusini, kila mkunjo wa barafu unaonekana. Simama palepale mwezi Juni: jua linatokea kulia lakini mbele yako, na sehemu kubwa ya uso unaoutazama iko kivulini. Mlima uleule, paa lilelile, lakini picha inatoka bapa na ya bluu.

Vuka upande wa pili, Amboseli nchini Kenya, na mambo yanageuka. Huko unautazama mlima ukiwa kusini, ukielekea mashariki kidogo. Juni na Julai jua la asubuhi linakuwa kushoto kwako, na la jioni linazama nyuma ya bega lako la kulia, likiupiga uso wa kaskazini moja kwa moja. Januari, kinyume chake, jua linachomoza mbele yako kushoto na uso huo unakuwa na kivuli kirefu.

Hali ya hewa nayo, kwa bahati njema, inakubaliana na jua. Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi Moshi na Arusha, na mawingu mazito ya chini hukaa upande wa kusini tangu alfajiri, siku nyingine hadi jioni. Upande wa kaskazini ni mkavu zaidi na mara nyingi uko wazi. Kwa hiyo miezi hiyo sababu mbili zinakusukuma kwenda kaskazini. Januari na Februari joto limerudi, mvua za vuli zimeisha, kusini kumefunguka. Ukikumbuka jambo moja tu katika maandishi haya, likumbuke hili: katikati ya mwaka nenda kaskazini, mwanzo wa mwaka kaa kusini.

Miezi mingine ni ya kupima. Masika, Machi hadi Mei, watu wengi huikwepa kwa sababu ya matope, lakini mvua ikinyesha usiku kucha na kukatika alfajiri, hewa huoshwa vumbi lote na Kibo, kilele kikuu cha mlima, huamka na theluji mpya. Asubuhi za namna hiyo hazina mfano. Tatizo ni kwamba zinakuja bila taarifa, hivyo zinamfaa anayeishi karibu. Septemba hadi katikati ya Oktoba ni vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa; mlima upo lakini wa kijivu, na hapo afadhali kupiga vivuli vyake wakati wa machweo kuliko kutafuta rangi. Mwishoni mwa Oktoba na Novemba mijakaranda ya Moshi imechanua zambarau, mvua fupi zinaanza kusafisha anga, na jua limeshahamia kusini. Mimi huu ndio msimu ninaoupenda kuliko yote, ingawa siku nyingine unarudi nyumbani umelowa tu.

Kuhusu theluji usidanganywe na kalenda za ukutani. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 11.4; mwaka 2011 ilikuwa imebaki 1.76. Kofia nyeupe nene unayoiona kwenye picha ni ya zamani au ni theluji mpya iliyoanguka siku chache kabla. Ukiitaka, fuata mvua: wakati wa masika na vuli, au mara tu baada yake. Ukienda Septemba utakuta mwamba wa kahawia wenye mabaka meupe. Hiyo pia ni picha ya kweli ya mlima wa leo, basi ipige bila kuionea haya.

2. Chagua pa kusimama, na usikaribie mno

Kukaribia mlima si kuuona vizuri. Ukiwa Marangu mtoni au ndani kabisa ya Kibosho, umezungukwa na migomba, mikahawa na mabonde, na msitu umekaa juu yako. Kilele unakipata kwa vipande, kati ya mgomba na mgomba. Rudi nyuma kilomita 20 au 30 na mlima unasimama wote.

Moshi mjini pako umbali wa kilomita 30 hivi kutoka Kibo. Hoteli nyingi zina ukumbi au mgahawa juu ya paa. Nunua chai, omba kukaa pembeni, na hakuna atakayekusumbua. Kikwazo ni nyaya za umeme na minara ya simu. Ukitaka mbele pawe safi, shuka kusini kuelekea Arusha Chini kwenye mashamba ya miwa ya TPC, ambako ardhi ni tambarare na barabara za shamba zimenyooka. Hiyo ni mali ya kampuni, hivyo omba ruhusa getini mapema, si saa 12 asubuhi wakati jua linachomoza.

Upande wa magharibi, barabara ya kutoka Boma Ng'ombe kwenda Sanya Juu na kuendelea hadi mbuga za Magharibi ya Kilimanjaro inakupa nyika, migunga, ng'ombe na mara nyingine twiga. Kumbuka tu kwamba huko mlima uko mashariki kwako. Asubuhi utapata umbo jeusi lenye mwanga nyuma. Rangi zinakuja jioni. Wapo wanaoamka usiku wa manane kukimbilia Sanya Juu kwa ajili ya macheo, kisha wanalalamika kwamba mlima ulikuwa mweusi.

Upande wa mashariki ni hadithi nyingine. Ziwa Chala, lile la kreta lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya, pamoja na nyanda za Taveta na Himo, vinautazama mlima kutoka kusini-mashariki, na hapo Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, ndiyo inayokuwa mbele. Ukiwa Chala, Kibo inaonekana nyuma yake, kushoto kidogo, karibu zinagusana. Wengi hawajui kwamba Mawenzi yenye meno yale ni sura nzuri kuliko Kibo; mita zake 5,149 zimechongoka, wakati Kibo yenye mita 5,895 ni kuba. Chala ni mahali pa asubuhi mwaka mzima, jua likiwa mgongoni kwako.

Amboseli ndiko zilikotoka picha nyingi za tembo na mlima. Umbali ni kama kilomita 45 hadi 50, ardhi ni tambarare, na vinamasi vinalishwa na maji ya chini ya ardhi yatokayo mlimani, ndiyo maana tembo hawakosi. Panga malazi ndani ya hifadhi au karibu kabisa na geti. Geti linafunguliwa saa 12 asubuhi, na kila dakika ya foleni ni dakika ya mwanga inayopotea. Mwambie dereva mapema kwamba unachofuata ni mlima, wanyama baadaye. Asipojua hivyo atakimbilia simba aliyesikia kwenye redio, mlima ukibaki nyuma ya gari.

Kama hutaki gharama za Amboseli, kamata upande wetu wa kaskazini: Rongai, Kamwanga na nyika za Sinya zinautazama uso uleule. Usafiri ni mgumu zaidi, nyumba za wageni ni chache, na ukikuta mlima uko wazi unaweza kuwa peke yako na mchungaji mmoja.

Sehemu moja ya kupanga kwa vipimo ni Mlima Meru, mita 4,566. Ukiwa kileleni mwake, Kibo iko karibu kilomita 70, mashariki ikielekea kaskazini kidogo. Jua linachomoza karibu kabisa nyuma ya Kibo siku za mwanzo wa Mei, na tena karibu na tarehe 10 Agosti. Mei mvua bado zipo. Agosti ndiyo yenye uwezekano, maana unakuwa juu ya bahari ya mawingu. Hakiki tarehe na programu kama PhotoPills au The Photographer's Ephemeris: unaweka alama mahali utakaposimama, unachagua siku, inakuchorea mstari wa jua na wa mwezi juu ya ramani. Fanya hivyo kwa kila mahali unapopanga kwenda. Dakika 10 za ramani nyumbani zinaokoa lita nyingi za petroli.

3. Saa

Mlima unafunga kwa sababu ya joto. Jua likipasha miteremko, hewa yenye unyevu inapanda kutoka mashambani na msituni, inapoa, inageuka wingu. Usiku hewa ya baridi inateremka na wingu linavunjika. Ndiyo maana alfajiri na jioni kunakuwa wazi, mchana hakuna kitu.

Jua Moshi linachomoza kati ya saa 12:07 na saa 12:39 asubuhi kutegemea mwezi. Mapema zaidi ni mwanzoni mwa Novemba, kwa kuchelewa zaidi ni Februari na Julai. Uwe umeshasimama, kamera iko tayari, angalau dakika 45 kabla. Aliyelala karibu na msikiti hahitaji kengele ya simu, adhana ya alfajiri inamtosha.

Kinachotokea huenda hivi. Kwanza mlima ni kivuli cha bluu nzito kwenye anga la bluu nyepesi, na theluji inaonekana kama inatoa mwanga wake yenyewe. Kisha, mji ukiwa bado gizani na taa za barabarani zinawaka, ukingo wa juu kabisa wa Kibo unashika rangi ya waridi. Kilele kinaliona jua dakika kadhaa kabla yako. Rangi inateremka polepole, waridi inakuwa chungwa, chungwa inakuwa dhahabu, na mstari wa mwanga unashuka ukipita miamba, unafika kwenye msitu. Usipige mfululizo mwanzoni ukamaliza subira. Picha yenyewe iko pale rangi inapofika nusu ya kuba, chini bado bluu. Hilo linadumu muda mfupi sana.

Kwenye saa 2 hivi utaona uzi wa kwanza wa wingu kwenye mkanda wa msitu. Baada ya hapo hesabu saa moja au mbili. Siku za joto, ikifika saa 4 kumeshafungwa. Nenda kalale.

Jioni rudi mahali pako kuanzia saa 11. Mara nyingi wingu linapungua jua linapozama, kilele kinachungulia juu ya mawingu kikiwa kimepakwa wekundu, na watu walioshakata tamaa wameshafunga virago. Usiondoke mpaka giza liingie. Kama una siku tatu, unazo asubuhi tatu na jioni tatu; chini ya hapo usijiahidi picha yoyote.

4. Lenzi, na tabu ya simu

Kosa la kawaida ni kupiga mlima kwa lenzi pana. Jicho linaona mlima mkubwa, simu inatoa kilima kidogo kwenye bahari ya anga. Kwa kamera kuu ya simu, ukiwa Moshi, kuba la Kibo linachukua kama sehemu moja ya kumi ya upana wa picha. Basi tumia lenzi ya kuvuta: mara 3 au mara 5 kama simu inayo kweli. Ile zumu ya programu inayokata picha na kuikuza usiitumie, ni afadhali ukate mwenyewe baadaye.

Kwa kamera yenye sensa kamili (full-frame, ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35), ukiwa Moshi, milimita 50 hadi 70 inakupa Kibo na Mawenzi pamoja na nafasi pembeni. Milimita 200 inakupa kichwa cha Kibo peke yake. Ukiwa Amboseli vilele viwili vimekaribiana zaidi machoni, hivyo milimita 100 hadi 135 inavibeba vyote. Sensa ikiwa ndogo, gawanya namba hizo kwa 1.5.

Sasa, kuufanya mlima uonekane mkubwa nyuma ya kitu, ondoka kwenye kitu hicho. Chukua mgunga, nyumba ya babu, au tembo. Ukiukaribia mgunga kwa lenzi pana, mti unakuwa jitu na mlima unapotea. Rudi nyuma mita 100 au 200, vuta kwa lenzi ya milimita 200, mti unarudi saizi yake na mlima unainuka nyuma yake. Hakuna hila nyingine nyuma ya zile picha za tembo zinazosambaa. Mpiga picha yuko mbali, na lenzi ni ndefu.

Chagua kitu cha mbele kwa makini kuliko mlima wenyewe, maana mlima ni uleule kwa kila mtu. Mgomba wenye mkungu, kanisa la kijijini, reli ya zamani, lori la mchanga, mama anayekwenda sokoni Himo na ndoo kichwani. Ukipiga kilele kitupu utapata kilele ambacho watu wameshakiona mara elfu.

5. Mipangilio ya kamera

Hapa nitakwenda haraka. Weka stendi, hata kwa simu. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iwe 100 au 200, tundu la lenzi f/8, shata iamuliwe na mwanga. Tumia shata ya kuchelewa sekunde mbili ili kidole kisitikise. Fokasi iweke kwenye mstari wa kilele, kisha ifunge. Alfajiri fokasi ya yenyewe inahangaika.

Theluji inaungua kirahisi. Kilele kikishapigwa na jua na chini kukiwa giza, kamera inajaribu kuokoa giza na inachoma nyeupe yote. Punguza mwanga hatua moja hivi, au piga tatu kwa mpigo, moja yenye giza, moja ya kati, moja yenye mwanga, uziunganishe baadaye. Kwenye simu, gusa theluji kwenye kioo, shikilia mpaka ifunge, kisha teremsha alama ya jua. Hifadhi kwa faili la RAW, yaani picha ghafi isiyobanwa na simu, kama simu inaruhusu.

Filta ya polaraiza, kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, inafanya kazi vizuri zaidi jua likiwa ubavuni kwako. Kwa sababu Moshi mlima uko kaskazini na Amboseli uko kusini, asubuhi na jioni jua liko ubavuni karibu siku zote, na filta hiyo inapunguza utusitusi kuliko programu yoyote ya kompyuta. Kwa lenzi pana itoe, la sivyo upande mmoja wa anga unakuwa mweusi na mwingine mweupe.

Amboseli kuna adui mwingine: hewa inayocheza. Sakafu kavu ya ziwa la zamani ikipata joto, kuanzia saa 3 asubuhi kila kitu cha mbali kinatetemeka kwenye lenzi ndefu. Lenzi ya bei ghali haisaidii. Vumbi nalo linaingia kila mahali. Usibadilishe lenzi gari likiwa na madirisha wazi, na ufunike kamera kwa kanga iliyolowa kidogo ukingoni. Kanga hukamata vumbi vizuri kuliko mifuko ya duka la kamera.

6. Usiku

Mwezi unafanya kinyume cha jua. Juni mwezi mpevu unapita kusini, kwa hiyo usiku wa Juni uso wa kusini unamulikwa, na ukiwa Moshi au Arusha Chini unaweza kupata Kibo inang'aa chini ya nyota, endapo mawingu ya msimu yatakuwa yameachia. Desemba mwezi mpevu unapita kaskazini na kumulika uso wa Amboseli. Anza na ISO 800, f/4, sekunde 15, urekebishe.

Anayetaka Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota unaokatiza anga, afanye mpango wa kaskazini: Juni hadi Agosti, siku zisizo na mwezi. Kiini chake kiko kusini angani, yaani juu ya mlima ukiwa Amboseli au Sinya. Katikati ya Juni kinafika juu kabisa kama saa 6 usiku, katikati ya Agosti kama saa 2. Kinakaa juu sana, hivyo simamisha kamera wima na lenzi pana kuliko zote ulizonazo, f/2.8, ISO 3200, sekunde 15 hadi 20. Usitoke kambini peke yako kutafuta pembe nzuri. Tembo gizani hana sauti.

7. Kutoka angani na kwenye treni

Ukiruka kutoka Dar es Salaam kwenda uwanja wa KIA, omba kiti cha dirishani upande wa kulia, kurudi, kushoto. Kutoka Nairobi kwenda Dar au Zanzibar, kulia pia. Chukua kiti kisicho juu ya bawa, ndege ya asubuhi ya kwanza, futa kioo kwa nguo laini, weka lenzi karibu na kioo bila kukigusa, na uzime taa ya juu ya kiti. Kwenye treni ya SGR kutoka Nairobi kwenda Mombasa, siku zenye hewa safi mlima huonekana kulia baada ya Emali, mbali sana, mdogo, lakini abiria wote husimama.

8. Kama unapanda

Ukiwa juu ya mlima huupigi picha mlima. Wanaopanda hugundua hilo wakiwa wamebeba kilo tano za vifaa. Picha za Kibo za kuvutia kwenye njia zinapatikana ukiwa bado mbali: uwanda wa Shira jioni, bonde la Barranco lenye mimea mikubwa ya senesio iliyosimama kama walinzi, tandiko la kati ya Kibo na Mawenzi kwenye njia ya Marangu. Kileleni kinachofaa ni macheo nyuma ya Mawenzi, na ukigeuka magharibi dakika hizohizo, kivuli cha mlima wenyewe kimelala juu ya mawingu kwa umbo la pembetatu. Wengi hawageuki.

Betri hufa kwa baridi. Zibebe mfuko wa ndani, karibu na mwili, na ulale nazo. Simu hivyohivyo.

9. Ruhusa

Droni usiirushe kwa kubahatisha. Tanzania na Kenya zote zinataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya hifadhi kinahitajika kibali kingine cha wenye hifadhi. Ikikamatwa, safari yako imeishia hapo. Picha za biashara na filamu zina vibali vyake; ulizia kabla ya kusafiri. Epuka kuelekeza lenzi kwenye kambi za jeshi, polisi na viwanja vya ndege hata kama mlima uko nyuma yake.

Watu pia wana ruhusa yao. "Shikamoo mama, naomba nikupige ukiwa na mlima nyuma" inafungua milango mingi. Kwa wafugaji wa Kimasai wanaosimama kando ya barabara, kubalianeni bei kabla ya kutoa kamera, umlipe uliyempiga, si anayejifanya msimamizi. Ukiahidi kutuma picha, itume. Siku hizi kila boma lina simu yenye WhatsApp.

10. Ukirudi

Nakili picha zote mahali pawili usiku uleule kabla ya kufuta kadi. Kwenye kusafisha, ondoa utusitusi kidogo tu. Ukizidisha, mlima unakuwa na ukingo mweusi na theluji inageuka zambarau. Usiongeze theluji. Zipo programu zinazofanya hivyo kwa kugusa mara moja, na wanaoishi chini ya mlima wanaitambua kwa sekunde.

Andika maelezo kamili: kilele gani, ulisimama wapi, tarehe na saa. Picha ya Kibo yenye tarehe ina thamani kwa mtu atakayetaka kulinganisha barafu miaka 20 ijayo. Isiyo na tarehe ni pambo. Na kama umepigia Amboseli, andika kwamba ulisimama Kenya na mlima uko Tanzania. Ukikosea hapo, watakaokusahihisha hawatalala.